Mla-kaa Mchana Kweupe

Ukisema hapa Kisangani kwamba unapiga picha za wanyama, mtu wa kwanza atakuuliza kama umepata okapi. Wa pili atakuuliza habari za tembo. Ukiwaambia hapana, wewe unapiga panya wa porini, sange, kirukanjia, popo na komba, watakuangalia kana kwamba umewaambia unapiga picha za mavi. Halafu watacheka. Nimechekwa sana, nimezoea.

Mimi ni Zacharie, Mnande. Baba alitoka Butembo akaja hapa kuuza maharagwe na sabuni kwa jumla, nami niliacha shule mapema ili nikae dukani. Vita vikaja, duka likaporwa, baba akafa na hasira yake. Nikafungua studio ndogo mtaa wa Kabondo. Picha za pasipoti, ndoa, komunyo ya kwanza, maiti ndani ya jeneza. Hiyo ndiyo kazi inayolisha nyumba. Wanyama wadogo hawalishi mtu.

Nilianza nao kwa ajili ya treni. Siku moja treni ya Ubundu iliharibika katikati ya msitu, nikashuka na kamera yangu ya harusi nikakaa kwenye gogo. Sange akatoka kwenye majani makavu, miguu myembamba kama njiti, pua ndefu inacheza huku na huku ikitafuta wadudu. Alipita karibu na kiatu changu. Abiria wote walikuwa wanaitukana treni, hakuna aliyemwona. Nilipiga picha moja. Nilikuwa mtu mzima, nimeishi mkoa huu tangu utoto, na sikujua kwamba mnyama kama yule yupo. Ndivyo ilivyoanza. Sina maelezo mengine.

Baada ya hapo kila nafasi niliyopata niliingia porini. Nimelala kifudifudi kwenye matope kwa ajili ya panya mwenye mistari. Émilie, mke wangu, alikuwa anasema ningemfukuzia mwanamke mwingine angalau majirani wangeelewa.

Mwaka jana nikaanza kugonga miimo ya milango. Nikadhani ni uchovu. Halafu nikamwaga maji ya mteja aliyeketi ubavuni kwangu, kwa sababu sikuona kama kuna glasi wala kama kuna mteja. Daktari alinipima akasema ni presha ya macho. Pembeni pameshakufa, na kilichokufa hakirudi, katikati patafuata. Matone ya dawa yatachelewesha tu. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akajifanya anatafuta kalamu.

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani nikifikiri juu ya mnyama mmoja.

Jina lake la kitabu siwezi kulitamka. Watu wa upande wa Émilie, wavuvi wa Yanonge, wanamwita mla-kaa. Ana urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na nusu ya urefu huo ni mkia uliobanwa pande mbili kama pezi. Mgongo wa rangi ya kahawia, tumbo jeupe. Uso mpana, umejaa sharubu ngumu. Anaogelea kwa mkia kama samaki, anakamata kaa gizani kwa kuwapapasa kwa sharubu, na analala kwenye shimo la ukingoni ambalo mlango wake uko chini ya maji. Nilikuwa nimewaona kadhaa, wote wamekufa. Wanaingia kwenye migono, mitego ya kusukwa ya samaki, wanazama, na wanawake wanawatupa, maana hakuna anayewala. Niliwapiga picha hao wafu. Zilitoka kama picha zangu za jeneza.

Nilitaka mmoja tu aliye hai, ndani ya maji yake, kabla sijapofuka. Hicho tu. Na ilibidi iwe kiangazi cha Januari hii, maji ya vijito yanaposhuka na kuwa safi. Miezi mingine yanakuwa kama kahawa. Januari nyingine sikuwa na hakika nayo.

*

Nyuma ya kijiji cha mama mkwe wangu, upande wa Yanonge, ambako mimi na Émilie tulikwenda kukaa Januari hiyo, kuna kijito kinaitwa Losendo. Kinapita chini ya miti mikubwa, na mahali pamoja kinapanuka kuwa kidimbwi chenye mawe bapa. Kidimbwi hicho ni cha mama mkwe. Alikirithi kwa mama yake, na hakuna anayevua pale bila ruhusa yake. Kwenye mawe yake, kila asubuhi, kulikuwa na maganda mapya ya kaa yaliyosagwa.

Lazima nieleze jambo kuhusu mama mkwe. Anaitwa Rosine, lakini sijawahi kutamka jina hilo mbele yake. Mimi ni bokilo wake na yeye ni bokilo wangu. Simwangalii machoni, sili mbele yake, sibishani naye. Nikiwa na neno la maana, namtuma Dady, mdogo wake Émilie, alipeleke. Dady ni semeki wangu, na kati ya masemeki hakuna heshima hata kidogo. Ndiyo maana ananitukana kila siku.

"Semeki," aliniambia asubuhi ya kwanza, akinifuata kwenye njia ya umande. "Weye kweli unaamuka saa hii juu ya munyama yenye hakuna mutu anakula?"

"Rudi ukalale."

"Hapana, nataka kuona. Kama iko anakupa feza, uniambie. Kama ni mwanamuke wa mayi, pia uniambie."

"Ukiendelea kusema hivyo hatatoka."

"Atatoka. Atasema: nani huyu Munande anakaa mu matope na kofia ya mazishi?"

Nilikuwa nimevaa kofia nyeusi, ni kweli. Nilimwonyesha maganda ya kaa kwenye jiwe. Nilimwonyesha ukingo uliomomonyoka, mizizi iliyoning'inia, na mahali ambapo maji yalikuwa yanapumua kidogo chini ya mizizi. Mlango wake uko pale, nikamwambia. Dady alichuchumaa akaangalia kwa muda mrefu, na safari hiyo hakusema upuuzi.

Nilikaa pale asubuhi nyingi, kabla jua halijapanda. Niliponda kaa nikaweka jiweni, nikafunga flashi mbili kwenye miti, nikakaa na kamera magotini. Baridi ya maji inapanda mpaka kwenye meno. Mara nyingi hakuna kilichokuja, na hilo ni la kawaida, mtu wa kazi hii hulipwa zaidi na mbu kuliko na wanyama.

Kisha asubuhi moja alikuja. Kwanza niliona mstari juu ya maji, umenyooka, unakuja kwangu. Mstari ukapotea. Halafu nikasikia kaa anavunjwa. Kra, kra, kama mtu anatafuna mfupa laini wa kuku. Alikuwa jiweni, karibu kiasi kwamba ningeweza kumpiga kwa fimbo, na sikumwona.

Naona kama mtu anayeangalia ndani ya bomba. Katika mwanga mdogo bomba lenyewe linajaa moshi. Nilipeleka bomba langu kulia, nikaona mizizi. Kushoto, maji. Nilishusha, nikaona buti langu. Yeye anatafuna tu. Nilielekeza kamera kwenye sauti, nikabonyeza, flashi zikawaka, kikasikika kishindo kidogo majini kama mtu ametupa kokoto.

Kwenye kioo cha kamera kulikuwa na jiwe lililolowa na mguu mmoja wa kaa.

Nilibaki nimekaa pale mpaka jua lilipofika kwenye kidimbwi. Sikulia. Nilisafisha lenzi ingawa haikuwa chafu.

Émilie alinikuta nyuma ya nyumba nikivua buti. Alisoma uso wangu.

"Amekuja?"

"Amekuja."

"Na haukumuona."

Nikavua buti la pili. Akakaa kwenye kinu kilicholala chini, akakunja kitenge chake katikati ya magoti.

"Zacharie, macho inabakia kidogo. Na weye unaimaliza juu ya panya."

"Si panya."

"Kavugho ataolewa mwezi wa munane. Mutoto wako. Utamuona na robe yake ya ndoa? Niambie. Kama utamuona, mi nanyamaza."

"Picha zake ninazo nyingi."

"Picha," alisema Émilie. Aliondoka akaenda kutwanga pondu, majani ya muhogo, na alitwanga kwa nguvu kuliko pondu inavyohitaji.

Alikuwa na haki. Niliijua haki yake vizuri, na bado nilijua kwamba kesho nitakuwa pale tena. Kavugho nitamshika uso kwa mikono, nitamsikia akicheka. Yule wa majini sina njia nyingine ya kumpata.

*

Siku hiyo jioni nilimwita Dady pembeni. Nilikuwa nimeona wanawake wakisuka migono mipya uani, na migono ndiyo inayowaua.

"Nataka umwambie bokilo kitu," nikasema. "Sikiliza vizuri. Mwambie macho yangu yanafungwa. Mwambie daktari amesema hakuna dawa. Nataka kumwona mla-kaa wake akiwa hai, katika maji yake, kabla hayajafungwa. Kwa hiyo namwomba wanawake wasiguse kile kidimbwi mpaka mvua irudi. Wasiweke migono, wasikaushe. Vijito vingine sawa, si kile."

Dady alikuwa anamenya ndizi za kuponda lituma. Aliacha kumenya.

"Macho, kabisa kabisa?"

"Kabisa."

"Na wakati yote hii unabeba kamera, mi niko nakucheka."

"Endelea kucheka. Lakini umwambie."

"Nitamuambia, semeki. Leo leo."

Na alimwambia. Usiku huo nilisikia bokilo analia nyumbani kwake, kilio cha chini cha mama mzee, na Émilie alikwenda akakaa naye. Kesho yake nilipopita uani, bokilo alisimama mbali akageuza uso pembeni kama ilivyo heshima, akasema, "Bokilo, Mungu iko. Tutakusaidia." Nikamshukuru nikiangalia miguu yake. Niliona migono imetundikwa ukutani, mikavu, na moyo wangu ukatulia. Nilidhani tumeelewana.

Ilinibidi kwenda Yanonge kuchaji betri. Kijijini hakuna umeme, na pale sokoni kuna mtu mwenye paneli za jua na mistari mirefu ya simu za watu. Mawingu yalikuwa mengi, betri zikachelewa, nikalala kwa rafiki wa Dady. Sikuona ubaya. Nilikula samaki wa kuvukiza na kwanga, mkate wa muhogo, nikamsikiliza mwenye nyumba akinisimulia bei za Isangi. Nilikuwa hata na furaha kidogo. Nilikuwa nimepata wazo: nitaziba flashi kwa kitambaa chepesi, nitafunga kamera kwenye kigingi ikiangalia jiwe moja kwa moja, na nitabonyeza kwa waya nikisikia tu anatafuna. Macho hayatahitajika. Masikio yangu ni mazima. Wazo lilikuwa zuri. Lingefaulu, nadhani, mpaka leo nadhani lingefaulu.

*

Niliporudi na pikipiki, kijiji kilikuwa kitupu, hata mbwa hawapo. Nikasikia nyimbo kutoka upande wa Losendo, na chini ya nyimbo sauti ya mabeseni: shwaa, shwaa, shwaa, zote kwa pamoja.

Kila mtu wa huku anaijua sauti hiyo. Maji yakishuka, wanawake wanajenga ukuta wa matope na matawi upande wa juu wa kijito, wanajenga mwingine upande wa chini, halafu wanasimama katikati na kuyatupa maji nje kwa mabeseni mpaka sakafu inabaki uchi na samaki wanarukaruka kwenye tope. Ni kazi ya sherehe. Wanaifanya wakiimba, wanataniana juu ya waume zao, watoto wanakamata kamba wa mtoni kwa mikono.

Nilikimbia. Sijui nilipiga miti mingapi kwa bega.

Kidimbwi hakikuwepo. Kulikuwa na shimo la matope linalong'aa, na ndani yake wanawake wa ukoo wote wa Émilie, wamelowa mpaka kifuani, nyuso nyeusi kwa tope, wanacheka. Mizizi ya ukingoni ilikuwa imekatwa kwa panga. Pale ambapo maji yalikuwa yanapumua, kulikuwa na tundu kubwa lililofukuliwa kwa jembe, na udongo mwekundu umemwagika chini yake.

Waliponiona wakapiga vigelegele.

"Alors, bokilo amefika!"

"Papa ya kamera! Fanya haraka, iko anauma!"

"Kofia yake iko wapi? Avae kofia!"

Mama mkwe alikuwa katikati yao. Ni mzee, mgonjwa wa magoti, na alikuwa amesimama kwenye tope tangu alfajiri. Alikuwa ameshika beseni la plastiki lililofunikwa na beseni jingine, amelikumbatia kama mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alinitazama moja kwa moja machoni. Nadhani aliona kwamba siku hiyo ruhusa ipo.

"Bokilo," alisema, "nimesikia ya macho yako. Nikasema, huyu mutoto anakaa mu giza anatafuta munyama na macho ya mugonjwa, ataona je? Sasa angalia. Muchana kweupe. Jua iko. Iko muzima, kama ulisema. Angalia mpaka ushibe."

Akafunua.

Nilikuwa na mwanga, na alikuwa karibu, na alikuwa katikati ya bomba langu. Nilimwona. Sharubu zote. Macho madogo kama mbegu za mchicha. Mkia ulikuwa unagonga ukuta wa beseni, unagonga, unagonga. Jembe lilikuwa limempata kiunoni, na maji ya chini ya beseni yalikuwa ya rangi ya waridi.

Nilimtafuta Dady. Alikuwa ukingoni, ameshika kapu la samaki. Nilimwendea na kumsemesha kwa sauti ya chini, kwa sababu hata hapo nisingeweza kupaza sauti mbele ya bokilo.

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema unataka kumuona muzima mbele macho haiyafungwe. Nilimuambia vile vile. Mama alilia sana."

"Na ile nyingine? Wasiguse kidimbwi?"

Dady aliangalia samaki wake.

"Semeki, ile sikuisema. Mutu ameoa binti ya mutu, sasa anamukataza mama mayi yake? Mayi ya mama yake? Mi nilisikia haya juu yako. Nikasema, Zacharie iko Munande, hajui, atapata haibu. Nikaiacha." Halafu akaongeza, polepole, maana sasa alianza kuuona uso wangu: "Na mi ndiye nilibaonyesha mulango. Ule ulinionyesha. Nilifikiri unafurahi."

Wote walikuwa wananisubiri. Émilie naye alikuwa pale, ndani ya tope, na hakuwa anacheka. Yeye peke yake alikuwa ameelewa, na alikuwa ameelewa kwa kuchelewa kama mimi.

Nilipokea beseni kwa mikono miwili, nikasema asante, bokilo. Nikashuka chini ya ukuta wa pili, mahali ambapo kijito kilikuwa kimeanza kujikusanya tena, maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Niliinamisha beseni nikamwachia.

Hakukimbia. Aliogelea kwa upande, mkia unasukuma nusu tu, mpaka kwenye ukuta wa matope. Akaupapasa kwa sharubu. Akautafuta upande huu, akautafuta upande ule, akapata upenyo, akapita juu ya matawi akaanguka upande wa kidimbwi kikavu, akajikokota juu ya tope katikati ya miguu ya wanawake, na wanawake wakamwachia njia wakipiga makelele ya furaha. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wake. Alifika pale lilipokuwa shimo. Akaingiza uso kwenye udongo mwekundu, akautoa. Akasogea kidogo, akauingiza tena, akautoa.

"Piga!" walisema. "Papa, piga, itakupotea!"

Kamera ilikuwa shingoni mwangu. Nilipiga magoti kwenye tope nikapiga. Ilikuwa rahisi, mwanga ulikuwa mzuri mno. Kila sharubu, kila tone, na nyuma yake ukingo uliofukuliwa. Nilisikia wanawake wakipiga makofi. Mmoja wao akaanza wimbo upya.

Mnyama alikufa hapo hapo kabla jua halijageuka, uso wake ukiwa ndani ya udongo. Kilichobaki katika lile tundu, Émilie alikikuta baadaye alipoingiza mkono: kitoto kimoja, uchi, kimeshakufa. Alikizika pembeni bila kumwambia mama yake. Mimi aliniambia.

Jioni waliniwekea lituma na samaki wa Losendo, peke yangu, ndani ya nyumba, kama bokilo anavyoandaliwa. Sahani ilikuwa imejaa na kichwa cha samaki mkubwa kilikuwa changu. Nje wote walikuwa wanakunywa na kusimulia. Nilikula yote. Sahani ya mama mkwe hairudishwi na kitu ndani.

*

Tulirudi Kabondo. Kwa majuma kadhaa sikufungua ile picha. Nilipoifungua, nilikuta ni nzuri. Nasema kama mtu wa kazi. Katika maisha yangu sijapiga picha kali kama ile, na mtu asiyejua chochote atasema, tazama, mnyama nadra yuko kwake anatafuta chakula.

Sikutaka kuitoa kwenye karatasi. Lakini bokilo alituma neno: anataka moja kubwa, yenye fremu, aitundike sebuleni. Nilimwambia Émilie siwezi. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe, nivunje heshima, nimweleze bokilo kwa mdomo wangu nilichokuwa nataka.

"Umuambie nini?" Émilie aliuliza. "Kama aliua kitu yenye ulipenda? Mama iko muzee, alisimama mu mayi siku muzima juu yako. Magoti yake mpaka leo haijapona. Utamuambia, halafu? Mayi itarudi?"

"Maji yamesharudi. Yeye hatarudi."

"Basi munyamaze nyote wawili," alisema, na sijui wa pili alikuwa nani, mimi na mama yake au mimi na yule mnyama.

Niliitoa kubwa. Kurekebisha rangi kulinichukua muda, kwa sababu sasa nalazimika kusogeza kichwa ili nione pembe zote nne za karatasi. Mvua zilikuwa zimeanza. Nilishasikia kutoka kwa Dady kwamba kidimbwi kimejaa hadi kwenye nyasi na kwamba alikwenda mwenyewe, asubuhi nyingi, kuangalia mawe. Hakuna maganda. Hata moja.

Alikuja kuichukua picha na pikipiki. Aliishika dirishani akaitazama bila utani.

"Iko muzuri, semeki. Ni kama iko inatembea."

"Ndiyo."

Akaifunga kwenye kitenge alichopewa na mama yake kwa ajili hiyo. Alikawia kuifunga.

"Kuko kitu mama alisema nikuambie. Anasema usihuzunike juu ya ule alikufa. Bamama beko na kijito ingine ng'ambo, ya muke ya mujomba. Baliona kaa juu ya mawe. Kiangazi ikirudi, batakikausha yote juu yako. Anasema, hata kama macho itakuwa imefungwa, batakuwekea mukononi, umuguse."

Mlangoni mteja alikuwa ananiuliza kama picha za pasipoti ziko tayari. Nilimwambia asubiri.

"Dady, mwambie hapana. Mwambie nakataa. Sema kwa maneno haya haya."

Alinitazama. Ana macho mazuri, mazima, na yalikuwa yamejaa maji.

"Hiyo siwezi kubeba, semeki. Uniombe kitu ingine."

"Basi sema asante."

"Hiyo nitasema."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alifunga picha nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira, akawasha, akageuka kushoto. Upande ule siuoni tena. Nilisikia tu pikipiki inabadilisha gia, kisha zikawa pikipiki nyingi, na sikujua tena ipi ni yake. Nikarudi ndani, nikamwambia mteja akae kwenye kiti na asisogeze kichwa.